Kahawa ya Nyeri, kutoka Mtini hadi Kikaangoni

Kahawa ya Nyeri ni arabika inayolimwa katika nyanda za juu zilizo kati ya Mlima Kenya na milima ya Aberdare, ambayo wenyeji huiita Nyandarua, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,600 hadi 1,900 juu ya usawa wa bahari. Ni chache kahawa za dunia zinazotambulika haraka kama hii mezani pa waonjaji. Uchachu wake ni mkali na safi, utamu wake ni mzito, na harufu yake ni ya matunda meusi yaliyoiva. Ikipoa kidogo kikombeni, ladha hizo huzidi kujitokeza badala ya kufifia. Sifa hizo zina sababu zinazoeleweka: aina ya mti uliochaguliwa miaka ya 1930, udongo na hewa ya mlimani, na namna ya kuosha ambayo Kenya imeishikilia licha ya gharama yake ya maji na muda. Mwisho wa yote yupo mkaangaji, ambaye anaweza kuipoteza kazi hiyo yote kwa dakika mbili za ziada motoni.

Kahawa inayouzwa kwa jina la mahali ilipotoka, bila kuchanganywa na ya kwingine, huitwa kahawa ya chimbuko moja. Jina hilo hutumiwa kwa mapana yasiyo sawa. Kwa mfanyabiashara mmoja chimbuko ni nchi nzima. Kwa mwingine ni kaunti, ushirika au shamba. Nyeri swali hili lina jibu lake, kwa kuwa mkulima wa kawaida ana miti mia chache tu, na matunda anayovuna kwa siku hayatoshi kujaza tangi moja. Kipimo kidogo kabisa chenye maana ni kiwanda cha kuoshea kahawa, ambacho watu wa huko hukiita fakitori, kinachopokea mavuno ya mamia ya wakulima wanaokizunguka, wakati mwingine zaidi ya elfu. Ushirika mmoja huweza kumiliki viwanda kadhaa. Tekangu, karibu na Karatina, una Tegu, Karogoto na Ngunguru, na mnunuzi makini hununua kahawa ya kila kimoja kwa jina lake, kwa sababu hazifanani kikombeni ingawa viwanda vyenyewe ni jirani. Pakiti iliyoandikwa “Kahawa ya Kenya” na kuishia hapo haimwambii mnywaji mengi.

Neno jingine linaloandamana na hilo ni daraja maalumu. Lilienea baada ya mwaka 1974, Erna Knutsen, mfanyabiashara wa kahawa wa Marekani aliyezaliwa Norway, alipolitumia kuelezea kahawa ambazo ladha yake ya pekee hutokana na mazingira ya mahali zilipokulia. Siku hizi lina kipimo: kahawa iliyoonjwa na wataalamu na kupata alama 80 au zaidi kati ya 100, bila kasoro kubwa katika punje zake. Mizigo mizuri ya Nyeri hupita alama 86, na iliyo bora hukaribia 90 au kuivuka.

Ethiopia, ambako ndiko asili ya arabika, imepakana na Kenya, lakini kahawa haikuingia Kenya kwa njia hiyo ya jirani. Ilipandwa mara ya kwanza mwaka 1893 huko Bura, Taita, na wamisionari Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu, na miaka michache baadaye ikafika katika misheni ya St. Austin, Nairobi. Mbegu zao zilikuwa za ukoo wa Bourbon, arabika iliyopewa jina la zamani la kisiwa cha Réunion, na mpaka leo miti ya asili hiyo huitwa French Mission. Kwa miongo kadhaa zao hilo lilikuwa mali ya walowezi. Serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika kulilima, ikilegeza kidogo katika miaka ya 1930 huko Kisii, Embu na Meru. Katika maeneo ya Wakikuyu, Nyeri ikiwemo, mlango ulifunguka kwa upana miaka ya 1950, hasa baada ya Mpango wa Swynnerton, mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni wa 1954. Watu waliokuwa wakivuna kahawa ya wengine kwa ujira wakaanza kupanda yao, na vyama vya ushirika vikajenga viwanda vya kuoshea kando ya mito. Sura hii ya historia imo ndani ya ladha yenyewe. Kama Nyeri ingekuwa nchi ya mashamba makubwa, kahawa yake isingepitia mikono mingi kiasi hicho wala isingechambuliwa kwa uangalifu uleule.

Mti unaobeba sifa ya Nyeri unaitwa SL28. Herufi hizo ni za Scott Agricultural Laboratories, kituo cha utafiti kilichokuwa Kabete. Mwaka 1931 ofisa mmoja wa kahawa kutoka Kenya alizuru Tanganyika na kuona, katika eneo la Monduli, miti iliyoonekana kustahimili ukame na magonjwa kuliko mingine. Mbegu zake zililetwa Kabete, na mwaka 1935 mti mmoja kati ya iliyoota ukateuliwa kuwa mzazi wa SL28. Kwa hiyo kahawa inayoitambulisha Kenya duniani ina mizizi yake upande wa pili wa mpaka. Vipimo vya vinasaba vinaiweka katika kundi la Bourbon. Mwenzake, SL34, aliteuliwa kutoka mti mmoja wa shamba la Loresho, Kabete, na ingawa ulidhaniwa kuwa wa French Mission, vipimo vinamweka katika kundi la Typica, ukoo mwingine wa arabika.

SL28 ni mti mrefu wenye majani mapana na punje kubwa. Mizizi yake huuwezesha kuvumilia kiangazi, na hata ukiachwa bila kuhudumiwa kwa miaka, ukikatwa na kutunzwa upya hurudi kuzaa. Ipo miti ya aina hii Kenya yenye umri wa miaka 60 hadi 80 ambayo bado inavunwa. Udhaifu wake ni magonjwa mawili: kutu ya majani, na ule ugonjwa wa kuvu unaoozesha matunda mabichi, ambao Wakenya huuita CBD na Watanzania huuita chulebuni. Ugonjwa huo wa pili uligunduliwa Kenya kwenyewe mwaka 1922. Mkulima wa SL28 hulazimika kupiga dawa mara nyingi kila msimu, na mvua zikizidi, mavuno ya mwaka mzima yanaweza kuoza yakiwa mabichi.

Udongo wa Nyeri ni mwekundu, wenye kina, uliotokana na volkano, unaohifadhi unyevu bila kutuamisha maji. Yako masimulizi yanayopendwa sana katika maduka ya kahawa, kwamba uchachu wa Kenya unatokana na fosforasi nyingi iliyo katika udongo huo, inayogeuka kuwa asidi ya fosforiki ndani ya punje. Yanafaa kupokelewa kwa tahadhari. Asidi ya fosforiki imo katika kila kahawa, na udongo mwekundu wa volkano unajulikana kwa kuishika fosforasi kwa nguvu kiasi kwamba mmea huipata kwa shida. Maelezo yaliyo imara zaidi ni ya baridi. Kaunti ya Nyeri iko karibu na ikweta, jua la mchana ni kali, lakini usiku joto hushuka hadi nyuzi 12 au chini yake. Tunda huiva polepole; la msimu mkuu hukaa mtini miezi minane au tisa tangu ua kuchanua. Muda huo mrefu huiwezesha punje kukusanya sukari na asidi za matunda, na kuijenga iwe ngumu na nzito. Ugumu huo utakuwa na maana kubwa kahawa itakapofika motoni.

Misimu ni miwili, kwa kufuata mvua mbili za mwaka. Mavuno makuu huanza Oktoba na kuendelea hadi Desemba au Januari. Ya mapema, yaliyo madogo zaidi, huja kati ya Mei na Julai. Mchumaji hulipwa kwa debe, na kazi yake ni kurudi kwenye mti uleule mara kadhaa, akichukua matunda mekundu tu na kuacha ya kijani yasubiri. Matunda lazima yafike kiwandani siku hiyohiyo. Yakilala kwenye gunia huanza kuchacha yenyewe, na ladha ya uvundo inayotokea haiondolewi na hatua yoyote ya baadaye.

Kiwandani, kabla ya mizani, kila mkulima humwaga mzigo wake juu ya turubai au sakafu ya saruji na kuuchambua kwa mkono. Hapo huonekana tofauti ya Nyeri na sehemu nyingi za dunia. Mwenye mzigo huchuchumaa juu ya matunda yake, akitenga ya kijani, yaliyopitiliza kuiva, yaliyotobolewa na wadudu na yaliyokauka mtini, huku karani akisimama karibu kuhakikisha hakuna kilichofichwa chini. Yaliyokataliwa hayatupwi, hukaushwa na ganda lake na kuuzwa kwa bei ya chini kwa jina la mbuni. Mazuri hupimwa, kiasi chake huandikwa kwenye kitabu cha mkulima, na kumwagwa katika tangi la mashine ya kumenya. Kilo sita hadi saba za matunda hutoa takriban kilo moja ya kahawa safi ya kuuza nje.

Mashine huondoa ganda la nje na kuacha punje mbili zikiwa zimefunikwa na utelezi mtamu juu ya ganda la ndani. Papo hapo maji huanza kuzitenganisha kwa uzito: nzito huzama na kupelekwa tangi la kwanza, nyepesi huelea na kuwekwa kando kama daraja la chini. Nzito huachwa kwenye tangi la saruji zivundike. Bakteria na hamira za asili huula utelezi kwa muda wa saa 12 hadi 24, au zaidi usiku ukiwa wa baridi sana, na mfanyakazi mzoefu hujua wakati umefika kwa kuzisugua kiganjani: zikikwaruza badala ya kuteleza, ziko tayari. Hakuna hatua inayohitaji uamuzi mzuri zaidi ya hii. Saa chache pungufu huacha utelezi unaoleta ukungu wakati wa kukausha. Saa nyingi za ziada huleta ladha ya siki au kitunguu.

Baada ya kuvundikwa, punje husukumwa kwa mbao katika mfereji mrefu wa maji safi, zikioshwa na kutenganishwa tena kwa uzito. Viwanda vya Kenya havikomei hapo. Punje hurudishwa kwenye tangi la maji matupu na kulowekwa kwa saa 12 hadi 24 zaidi. Ulowekaji huu ni alama ya kahawa ya Kenya, na wanaouendesha hushikilia kuwa ndio unaoifanya ladha iwe safi na kila funda lifanane na lililotangulia. Yapo pia manufaa ya kawaida kabisa: mavuno yakiwa mengi kuliko vitanda vya kukaushia, maji huhifadhi kahawa hadi nafasi ipatikane. Mito kama Ragati na Gura, inayoshuka kutoka milimani, ndiyo iliyoufanya utaratibu huu uwezekane, na ndiyo inayoumia pale maji machafu yanaporudishwa humo bila kupitishwa mashimo ya kuchujia. Kiwanda kinachojali jina lake huyatumia maji yaleyale ya kumenyea zaidi ya mara moja na kuyazuia yasifike mtoni.

Kukausha hufanyika juu ya vitanda vya waya vilivyoinuliwa kimo cha kiuno, hewa ikipita juu na chini. Tabaka huwa jembamba mwanzoni, kisha huongezwa unene. Kahawa hugeuzwa kwa mkono mara nyingi kwa siku. Jua la adhuhuri likiwa kali hufunikwa, maana ganda la ndani likipasuka mapema punje hukauka bila usawa. Kwa wiki mbili hivi, tatu kukiwa na mawingu, unyevu hushuka hadi karibu asilimia 11. Wakati huo wote watu huketi kando ya vitanda wakiokota punje zilizovunjika au kubadilika rangi. Ladha safi inayosifiwa Tokyo na Oslo imetokana, kwa sehemu kubwa, na vidole hivi.

Kinu cha kukoboa huondoa ganda la ndani, kisha punje hupita kwenye machujio ya kupanga ukubwa. Zilizo kubwa ni AA, zinazobakia juu ya matundu ya milimita 7.2. Zinazofuata, A na B, huunganishwa kuwa AB, ambayo ni sehemu kubwa ya mavuno. PB ni za matunda yaliyotunga punje moja ya mviringo badala ya mbili bapa. Wanunuzi wengi huamini kuwa AA ndiyo ladha bora. Ukubwa si ladha. AB ya kiwanda kizuri mara nyingi huishinda AA ya kiwanda kizembe, kwa bei nafuu, na PB haina utamu wa siri uliosongamana ndani yake kama inavyotangazwa. Faida halisi ya kupanga ukubwa iko kwa mkaangaji, kwa kuwa punje zinazolingana hupata joto kwa mwendo mmoja.

Kila mzigo hupewa namba inayoonyesha wiki ulipofika, kinu kilichoukoboa na mfuatano wake, hivyo gunia lililoko Hamburg linaweza kufuatiliwa hadi kiwanda kilichoko Mathira au Othaya, Nyeri. Sehemu kubwa ya kahawa huuzwa Nairobi Coffee Exchange, mnada unaofanyika kwa kawaida Jumanne, ambako bei hutajwa kwa dola za Marekani kwa mfuko wa kilo 50. Kabla ya mnada wanunuzi huwa wameshakaanga na kuonja sampuli, kwa hiyo kinachoshindaniwa ni kikombe wanachokijua. Uuzaji wa moja kwa moja kwa wanunuzi wa nje pia unaruhusiwa. Mfumo huu wa kulipa kulingana na ladha ndio ulioidumisha kazi ngumu iliyoelezwa hapo juu. Malipo yanapochelewa au kumegwa na makato mengi njiani, mkulima huacha kupalilia, na mwonjaji huanza kuona upungufu misimu miwili baadaye.

Katika kuonja, gramu 8.25 za kahawa iliyosagwa humiminiwa mililita 150 za maji yenye nyuzi 93. Baada ya dakika nne povu lililoganda juu huvunjwa kwa kijiko, pua ikiwa karibu, na hapo harufu hutoka kwa mara ya kwanza kwa ukamilifu. Kisha huachwa ipoe na kufyonzwa kwa nguvu ili isambae ulimi mzima. Nyeri hutambulika mara tatu katika muda huo. Ikiwa moto, uchachu hutangulia, wa balungi na limau. Ikifika joto la uvuguvugu, matunda hufunguka: zambarau, komamanga, na ile ladha ambayo Wazungu huifananisha na tunda lao dogo jeusi, ambayo mtoto wa Nairobi aliyekunywa kinywaji cha Ribena ataijua papo hapo. Ikipoa kabisa hubaki utamu wa sukari guru, na katika baadhi ya mizigo ladha ya nyanya iliyoiva, yenye chumvi kidogo, inayowagawanya waonjaji. Wako wanaoihesabu kasoro. Katika SL28 iliyoshughulikiwa vizuri ni sehemu ya hulka yake, mradi isitangulie mbele ya utamu.

Uchachu huo hutokana hasa na asidi ya sitriki, ambayo pia imo katika ndimu, na asidi ya maliki, ambayo imo katika tufaha. Harufu ya matunda meusi inahusishwa na michanganyiko ya salfa iliyomo kwa viwango vidogo mno, ambayo pua ya binadamu huinasa hata ikiwa haba. Utamu wenyewe ni wa kunusika zaidi kuliko wa ulimi, kwa kuwa sukari ya asili, ambayo katika punje mbichi ya arabika hufikia asilimia sita hadi tisa ya uzito mkavu, huungua karibu yote wakati wa kukaanga na kugeuka kuwa rangi, harufu na asidi nyingine.

Kukaanga kahawa ya Nyeri huanza na ugumu wa punje. Punje nzito ya mwinuko huhitaji joto la kutosha tangu mwanzo ili moto ufike moyoni, na inalivumilia bila kuungua juu. Dakika nne au tano za kwanza ni za kukausha unyevu. Rangi hubadilika kutoka kijani kuwa manjano, na harufu ni ya nyasi, kisha mkate. Hatua inayofuata ni ya rangi ya kahawia, ambapo sukari na protini huungana na kuzalisha mamia ya harufu mpya. Ngozi nyembamba huanza kubanduka na kupeperuka. Joto likikaribia nyuzi 200, mvuke uliobanwa ndani hupasua punje kwa mlio kama wa bisi sufuriani. Huo ni mpasuko wa kwanza, na kuanzia hapo kahawa inanyweka.

Kilichobaki ni uamuzi wa wakati. Kwa Nyeri, mkaangaji anayetaka chimbuko lisikike hupunguza moto kidogo kabla ya mpasuko ili usije na fujo, kisha huitoa kahawa kati ya dakika moja na mbili tangu ulipoanza. Punje zitakuwa za kahawia ya wastani, kavu juu, zikiwa zimepoteza asilimia 12 hadi 15 ya uzito. Mchakato mzima huchukua dakika tisa hadi kumi na mbili katika mashine ya pipa. Akiwahi mno, ndani hubaki kubichi na uchachu unakuwa wa kukereketa, wa ndimu isiyoiva. Lawama hupewa Kenya, ilhali kosa ni la moto. Akichelewa kwa kuendesha moto dhaifu muda mrefu, kahawa hutoka na rangi nzuri lakini imepooza, haina uchachu wala utamu wa kutajwa.

Akiendelea hadi mpasuko wa pili, kwenye nyuzi 225 hivi, mafuta hujitokeza juu ya punje na mambo hugeuka. Asidi za matunda zimeharibika. Asidi za klorojeniki zimevunjika na kuacha vitu vichungu. Kinachonyweka ni moto wenyewe, na moto hauna kijiji. Kahawa ya Nyeri na kahawa ya bei ya chini kutoka popote, zikikaangwa hivyo, hutenganishwa kwa shida hata na mtaalamu. Kulipia matunda yaliyochambuliwa kwa mkono, yakaoshwa mara mbili na kugeuzwa kitandani wiki mbili, kisha kuyakaanga yawe meusi, ni upotevu usio na utetezi.

Hilo halimaanishi kuwa kahawa nyeusi haina heshima yake. Kahawa chungu ya Mombasa, Lamu na Unguja, inayochemshwa na kumiminwa kutoka kwenye dele la shaba hadi kikombe kidogo, pengine na tangawizi, huku kashata ikiwa pembeni, ni mapishi kamili yanayohitaji ukaangaji wa kina. Uchungu wake unasawazishwa na utamu unaotafunwa nayo. Ni utamaduni wa namna ya kupika na kunywa pamoja, ambao haujali sana punje ilitoka kilima gani. Kahawa ya chimbuko moja hutafuta jambo jingine, na kila moja ifanyiwe kazi kwa kanuni zake.

Baada ya kukaangwa, punje hutoa gesi ya kaboni dioksidi kwa siku kadhaa. Nyeri iliyokaangwa kwa wastani hunyweka vizuri zaidi baada ya wiki moja, na harufu yake huanza kufifia baada ya mwezi mmoja hivi. Isagwe wakati wa kuandaliwa. Gramu 60 kwa lita moja ya maji ni kipimo kizuri cha kuanzia, kwa kutumia chujio la karatasi linaloacha uchachu utokeze. Maji yafaayo ni ya nyuzi 92 hadi 96. Nyeri na Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka karibu nyuzi 94 na yanaweza kumiminwa moja kwa moja kutoka jikoni. Mombasa au Dar es Salaam ni vyema kuyaacha yatulie kidogo baada ya kuchemka.

Kahawa ya Kenya inapungua. Msimu wa 1987/88 Kenya ilivuna karibu tani 130,000. Katika miaka ya karibuni imekuwa ikivuna chini ya nusu ya kiasi hicho. Kiambu mashamba yamegeuka mitaa ya nyumba, na Nyeri parachichi na makadamia vinashindania ardhi ileile. Watafiti wa kituo cha kahawa cha Ruiru walitoa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985 na Batian mwaka 2010, zote zikiwa na kinga dhidi ya CBD na kutu ya majani. Wanunuzi wengi huilaumu Ruiru 11 kwamba ladha yake ni hafifu, na wanaipokea Batian vizuri zaidi. Lawama hizo zinafaa kupimwa kwa kutazama tangi la kiwandani, ambamo matunda ya SL28, SL34, Ruiru 11 na Batian humiminwa pamoja. Karibu kila mzigo wa ushirika wa Nyeri unaosifiwa leo una mchanganyiko huo, kwa hiyo pakiti inayotaja SL28 peke yake isomwe kuwa inataja aina iliyo nyingi. Mkulima anayetaka kuacha kupiga dawa mara nyingi kwa mwaka ana haki ya kuchagua mti usiomfilisi. Lakini SL28 ikitoweka mashambani, ule uzito wa matunda meusi uliojenga jina la Nyeri hauna mahali pengine pa kutolewa, na njia pekee ya kuubakiza ni bei inayomfikia anayeubeba.

Sehemu kubwa ya kahawa hii husafirishwa nje ikiwa mbichi, ila siku hizi wapo wakaangaji Nairobi, na hata Nyeri kwenyewe, wanaoiuza ikiwa imekaangwa vizuri. Anayeitafuta aangalie mambo mawili kwenye pakiti kabla ya kulipa: jina la kiwanda kilichoiosha na tarehe iliyokaangwa. Pakiti isiyo na hayo mawili haistahili bei ya kahawa ya chimbuko moja.